Matone ya Macho Meupe

Nilizaliwa na macho yanayowasha. Mama husema nikiwa mchanga nilikuwa najisugua kwa ngumi mpaka nalia, na bibi akawa ananitilia machoni maziwa ya mama, kama alivyowafanyia wote walionitangulia. Hayakunisaidia wala hayakunidhuru.

Kwetu ni Kirushya, wilaya ya Ngara, migomba mbele ya nyumba na maharage nyuma. Miaka ninayoisimulia ni ile ya wakimbizi. Malori ya chakula cha msaada yalipita barabarani kuanzia alfajiri, vumbi likatua juu ya migomba mpaka majani yakageuka rangi ya matofali. Kila aliyewashwa macho alisema wakimbizi ndio waliotuletea. Mimi niliwashwa kabla hajavuka mpaka hata mkimbizi mmoja, lakini sikumsahihisha mtu. Zamani nikiwa na macho mekundu watu walinitazama vibaya, wengine wakisogeza watoto wao. Sasa walinihurumia, na huruma ni tamu, hata ya uongo.

Mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, alikuwa na macho kama yangu. Kiangazi, tukianza kupiga maharage uani kwa fimbo na maganda kuruka, yeye na mimi tulikuwa wa kwanza kukimbilia mtungi wa maji. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alinifuata kila mahali na aliamini kila nilichosema, hata nilipomdanganya kwa mzaha.

Nilikuwa msichana wa kwanza wa kigango chetu kwenda chuo kikuu. Padri alilitangaza jambo hilo kanisani baada ya misa, na tangu siku hiyo sikupata tena likizo ya kweli. Msomi akirudi nyumbani, kila kitu chenye maandishi huletwa kwake: barua ya mahakama, pakiti ya mbegu, chupa ya dawa ya ng'ombe. Hakuna anayeuliza unasomea nini. Nilisomea historia na Kiswahili ili niwe mwalimu, lakini nimewahi kuitwa nikaangalie kwato ya ng'ombe. Na ukisema hujui, umemwaibisha baba yako, padri na kigango kizima. Basi nilijifunza kukunja uso, kusogeza maandishi kwenye mwanga na kutikisa kichwa taratibu. Wasomi wote wa kwetu walifanya hivyo. Tulitazamana tukicheza mchezo ule ule na hakuna aliyemuumbua mwenzake.

Rafiki yangu aliucheza vizuri kuliko mimi. Namwita rafiki kwa sababu ndilo jina nililompa wakati huo. Alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa mjini Ngara, Waislamu. Babu yake alikuja kutoka pwani na mizigo ya vitambaa akalowea. Tulikuwa chuo kimoja, mwaka mmoja, yeye akisoma hesabu. Kilichotukutanisha ni macho. Siku ya kwanza, kwenye foleni ya usajili, nilimwona kijana anajisugua jicho kwa kiganja, naye akaniona najisugua langu, tukaangua kicheko. Utaachaje kumpenda mtu anayewashwa pale pale unapowashwa wewe? Nilipojua kwamba naye ni wa Ngara, nikajiona nimepata ndugu.

Chuoni nilijifunza kwamba wasomi nao hawakujua lolote kuhusu macho. Tulikaa wasichana wanne chumba kimoja. Wa kwanza alisema nimelia mapenzi, nikubali tu yaishe. Wa pili alisema nasoma sana gizani. Wa tatu, aliyekuwa akisomea udaktari na ambaye tulimwogopa kidogo, aliniinua kope, akasema ni trakoma, na jioni ile akafua shuka zake kwa maji ya moto. Taulo langu likahamishiwa msumari wa peke yake, nyuma ya mlango. Hakuna hata mmoja aliyetamka neno mzio. Tulijua mzio wa ngozi, tulijua mtu anayevimba akila samaki. Jicho halikutujia akilini.

Likizo ndefu ya mwaka ule rafiki yangu alikuja kwetu na kichupa. Alikinunua kwenye soko lililoota kando ya kambi. Siku zile soko hilo lilikuwa na kila kitu ambacho hakikutakiwa kuwepo: mafuta ya kula ya msaada, maturubai ya buluu, mahindi ya njano, na vidonge na vichupa vilivyotoroka zahanati ya kambini. Hiki kilikuwa kidogo, cheupe, chenye kifuniko cha kijani.

Maandishi yake yalikuwa ya Kifaransa. Yeye hakujua Kifaransa, na mimi sikujua Kifaransa. Tulikuwa tumeketi sebuleni, mama, mdogo wangu na majirani wawili wakitutazama. Akakisogeza kichupa dirishani, akakunja uso, akasoma kimoyomoyo kwa muda mrefu sana.

"Ya macho," akasema. "Inaondoa wekundu na muwasho."

Akanipa. Nami nikakunja uso.

"Ndivyo ilivyoandikwa," nikasema.

Jirani mmoja akapiga makofi kidogo. Laiti angetuzomea.

Nilitia tone moja kila jicho. Asubuhi ya tatu nikajitazama kwenye kioo cha mama, nikaona macho meupe. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na sikuwahi kuyaona meupe. Nilikaa mbele ya kile kioo mpaka mama akauliza kama namngoja bwana harusi. Kisha nikamwita mdogo wangu, nikamlaza mkekani, nikamtilia na yeye.

"Tone moja asubuhi, moja jioni," nikamwelekeza. "Hata kama hayawashi. Usiache."

Kipimo hicho nilikitunga mwenyewe pale pale. Yeye alikishika kama amri ya Mungu. Juma lile lile naye alikuwa mweupe wa macho, anakimbia uani, anapiga maharage bila kujisugua, na mama akasema kweli elimu si kitu cha kuchezea. Alimchukua jogoo, akamfunga miguu, akampa mdogo wangu ampelekee rafiki yangu mjini. Tulikwenda pamoja. Mdogo wangu alipiga goti akamkabidhi jogoo kwa mikono miwili.

"Asante kwa macho yangu, kaka," akamwambia.

Rafiki yangu alicheka, akamshika kichwa. Nakumbuka vizuri kwa sababu baadaye alidai hakumbuki.

Mwaka ule palikuwa na mama mmoja wa kambini aliyekuja kutulimia mara tatu kwa wiki, naye akirudi na mkungu wa ndizi au maharage. Alitoka ng'ambo ya mto Ruvubu. Mama yangu alimwita "mkimbizi wangu", bila ubaya, kama mtu anavyosema jirani yangu. Mimi nilimwita mama tu. Siku moja, mwishoni mwa likizo ile, alikuja kunawa mikono uani akakuta kichupa juu ya kinu. Akakichukua. Hakukunja uso wala hakukisogeza kwenye mwanga. Midomo yake ilicheza kidogo, akageuza upande wa pili, akamaliza.

"Mukobwa," akaniita, ndivyo wanavyosema binti kwao. "Hii dawa si ya kira siku. Wameandika. Siku chache tu, halafu daktari apime jicho."

"Nani kakwambia?"

"Wameandika hapa." Akanionyesha kwa kidole chenye udongo. "Kule nyumbani nirikuwa mwarimu."

Mdogo wangu alikuwa amesimama pale pale, ameshika kata ya maji. Mama yangu alikuwa mlangoni. Wote wawili wakanitazama mimi, siyo yule mama, na nikaona uso unanipata moto.

"Mama, mimi niko chuo kikuu," nikamwambia. "Tumeshaisoma."

Alikirudisha kichupa juu ya kinu polepole, akachukua jembe lake. Akarudi shambani.

Rafiki yangu alitununulia vichupa vingine kwenye soko lile lile, nami nilirudi chuoni nimemwachia mdogo wangu viwili, na viwili nimebeba. Macho yangu meupe yalinipandisha cheo bwenini. Taulo langu likarudishwa kwenye kamba ya pamoja. Wale walionipa majibu ya ovyo sasa walikuja kuniuliza mimi, hata yule wa udaktari, nami niliwahutubia kitandani kwangu nimekunja miguu. Wawili niliwatilia matone kwa mkono wangu.

Kwenye mwezi wa tatu nikaona macho ya rafiki yangu yamekuwa mekundu tena. Mekundu kabisa, ya kuvimba. Nilimuuliza kulikoni.

"Kichupa changu kimeisha," akasema. Kisha akatoa kingine mfukoni, kimejaa, akaniwekea kiganjani. "Hiki kimebaki kimoja. Chukua wewe, una mitihani."

Nilikataa mara mbili. Akanifumba vidole juu ya kile kichupa. Usiku ule nilimwombea kwa jina, mimi Mkatoliki nikimwombea Mwislamu kwa Bikira Maria, kwa sababu sikuwahi kuona mtu anakubali kuwashwa ili mwenzake apone. Niliwasimulia wenzangu chumbani, na yule wa mapenzi akasema huyo ni mume. Sikubisha. Niseme ukweli wote: nilianza kumpenda tangu siku ile.

Likizo iliyofuata nilikuta nyumbani maharage yamekwisha kupigwa. Yule mama wa kambini hakuwa akija tena. Ilitoka amri wakimbizi wasitoke kambini, na siku moja tu hakuonekana. Nilikaa na mdogo wangu mkekani tukichambua, ungo katikati yetu. Nikaona anachambua upande mmoja. Maharage mabovu ya kulia kwake aliyatoa yote, ya kushoto aliyaacha, mawe na maganda na yote. Nikamwambia aache uvivu. Akacheka, akageuza kichwa kizima kutazama ungo, akayaona, akashangaa.

Jioni aligonga bega la kushoto kwenye mwimo wa mlango. Mama akasema, "Huyu siku hizi anagonga kila kitu. Nadhani anakua."

Macho yake yalikuwa meupe, mazuri kuliko ya mtu yeyote pale nyumbani. Alikuwa bado anatia tone asubuhi na tone jioni.

Daktari wa macho hakuwepo Ngara wakati ule. Alipita hospitali ya misheni mara moja moja. Tulingoja siku tisa. Alikuwa mtu mzima, mpole, anayeongea chini. Alimwinamisha mdogo wangu kwenye mashine yake, akamtazama ndani ya jicho kwa muda mrefu, akampima presha ya jicho, akapima tena. Akauliza anatumia dawa gani. Mimi ndiye niliyekitoa kichupa, na naapa nilikitoa kwa fahari.

Alisoma maandishi. Uso wake haukukunjika, ulilegea tu.

"Nani alimwanzishia?"

"Dada," akajibu mdogo wangu, na akanielekeza kwa mkono. "Dada yuko chuo kikuu."

Alitueleza yote polepole, na mimi nilikuwa mtafsiri wa mama kwa Kihangaza, kwa hiyo kila neno lilipita mdomoni kwangu. Macho yetu yana mzio. Yanachukia vumbi la maharage, vumbi la barabara, chavua ya majani. Mzio hauambukizi, haukuletwa na mkimbizi wala trakoma, na watoto wengi wakikua unawaacha wenyewe. Maji baridi, kitambaa safi, matone mengine mepesi na uvumilivu. Muwasho usingemtia mtoto huyu upofu. Kilichomharibia ni hiki. Kinaondoa wekundu haraka, na ukikizoea kinapandisha presha ndani ya jicho, kimyakimya, bila maumivu. La kushoto limebaki kuona kama kwa tundu dogo tu katikati. La kulia tutalipigania.

Mama aliniuliza, "Anasema litarudi?"

Nilimtafsiria na hilo. Hapana, halirudi.

Mimi nilipimwa mwisho. Presha yangu ilikuwa imepanda, lakini jicho lilikuwa bado zima. Nikiacha, itashuka, akasema. Na ilishuka.

Sasa nisikilizwe vizuri hapa, maana ndipo panaponiuma. Nilipotoka hospitali sikwenda nyumbani. Niliwaacha mama na mdogo wangu njiani, nikakimbia kwenda mjini kwa rafiki yangu. Kilichonikimbiza ni hofu: naye ana vichupa, naye anatia, hajui, atapofuka. Nilikimbia jua kali, viatu mkononi, nikaingia dukani kwao nikihema mbele ya wateja.

"Acha ile dawa!" nikamwambia. "Acha leo leo. Inaua jicho."

Alikuwa anakunja kitenge. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimaliza kukikunja kile kitenge, akakilaza juu ya vingine.

"Mimi niliacha," akasema.

"Uliacha lini?"

"Mwezi wa tatu. Nilikwenda kupimwa kule mjini chuoni. Daktari akaniambia niache."

Mwanzo sikuelewa. Nakumbuka nilifurahi kwanza, kwa pumzi moja hivi, kwamba yuko salama. Kisha nikauhisi mkono wangu, vidole vilivyofumbwa juu ya kichupa kilichojaa.

"Ulinipa mimi," nikasema. "Ulisema kimebaki kimoja."

"Ulikuwa na mitihani."

"Ulijua?"

"Alisema inategemea na mtu. Nilidhani kidogo tu hakina neno." Akapunguza sauti, akawatazama wateja. "Nilikuwa na mpango wa kukuambia. Lakini ulikuwa umeshawaeleza watu wote ni mimi niliyeileta. Unajua wanavyotusema sisi wa madukani, kwamba tunakula vya kambini. Wakisikia nimewapa sumu ya macho, hili duka litabaki?"

"Mdogo wangu haoni jicho la kushoto."

Hapo aliketi. Akaniapia kwamba hakujua kama mtoto anatumia. Nikamkumbusha jogoo. Nikamkumbusha goti lililopigwa pale pale alipoweka kiti chake, na maneno yaliyosemwa. Akasema hakumbuki. Hesabu zote zile za chuoni alizikumbuka, lakini mtoto aliyepiga goti hamkumbuki! Nilimtukana mbele ya mama yake, aliyekuwa ametokea nyuma ya duka, kwa matusi ambayo sikujua ninayo, na mama yake, mtu wa heshima zake, hakunizuia.

Hajawahi kunitafuta. Mwaka uliobaki chuoni tulipishana kwenye ngazi za maktaba tukitazama chini, wote wawili, yeye na macho yake mekundu, na mimi na yangu mekundu tena. Watu walidhani tumeachana, wakatuonea huruma.

Mimi, siku ya kwanza kurudi bwenini, niliwaita wale wawili niliowatilia matone, nikawaambia kila kitu. Mmoja alilia kwa hofu, mwingine akanifokea. Wakaenda kupimwa, wakakutwa wazima. Kuwaambia kulinichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Nimemchukia mtu yule miaka yote hii kwa kikombe kile cha chai ambacho hakutaka kukinywa na mimi.

Nilikuwa nikiimaliza hadithi hii hapo kila nilipoisimulia, na watu walimlaani wakaniacha mimi. Lakini yako mengine.

Nilikwenda kambini kumtafuta yule mama. Nilitaka nimwambie alisoma sawasawa. Getini waliniuliza namtafuta nani. Nikasema mama mmoja, alikuwa mwalimu kwao, analima vizuri. Jina lake? Alikuwa amelima shamba letu mwaka mzima, alinawa kwenye beseni letu, na hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kumuuliza jina. Yule askari akanitazama kwa huruma, akaniambia humo ndani akina mama waliokuwa walimu ni wengi. Nikarudi.

Mdogo wangu sasa ni mtu mzima, ameolewa upande wa Biharamulo, huko Nyarubungo, analima. Jicho la kulia liliokoka. Watu wakimuuliza habari ya lile la kushoto husema, "Dada hakujua," na ananitetea kwa ukali. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Sikumkumbusha kwamba siku ile ya kinu alikuwepo na kata yake ya maji, na nimeomba awe amesahau.

Mwaka juzi nilimtembelea, alikuwa na kikohozi. Mumewe akarudi na dawa kutoka dukani, chupa ndani ya boksi lake, na karatasi ya maelezo. Nilikuwa nimekaa naye benchi moja, miwani yangu usoni, mwalimu mstaafu mtarajiwa. Nikanyoosha mkono.

Mdogo wangu akaitoa ile karatasi, akaigeuza, kisha akaita jikoni. Binti yake wa darasa la sita akaja akipangusa mikono kwenye sketi.

"Nisomee hapa, mwanangu," akamwambia. "Soma yote, usiruke."

Mkono wangu nikaurudisha mapajani. Mtoto alisoma yote, bila kuruka.